UCHANGANUZI: Umaskini hauziui klabu ndogo za Uskoti, wenye pesa ndio huziua

DUMBARTON ni miongoni mwa klabu kongwe zaidi za soka duniani. Iliasisiwa mwaka wa 1872, ikatwaa ubingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya Uskoti kwa pamoja na Rangers mnamo 1891, kisha ikauhifadhi peke yake mwaka uliofuata.

Novemba 2024, klabu hiyo iliwekwa chini ya mrasimu, ikapokonywa pointi 15 na hatimaye kuteremshwa hadi daraja la nne msimu ulipotamatika.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, masaibu sawa na hayo yaliikumba Inverness Caledonian Thistle ya kaskazini mwa nchi, ambayo ilinyanyua Kombe la Uskoti mwaka wa 2015. Zote mbili zilikuwa zikishiriki ligi ya daraja la tatu.

Mkenya aliyeanza kuifuatilia soka ya Uskoti wakati Victor Wanyama alipokuwa akiichezea Celtic kati ya 2011 na 2013 huenda akadhani kwamba nchi hiyo ina klabu mbili tu, Celtic na Rangers, na kwamba zilizobaki ni vibonde wa kuzitunukia pointi. Ukweli ni kwamba taifa hilo lenye watu takriban milioni 5.5 lina klabu 42 katika madaraja manne ya SPFL. Ligi Kuu ina timu 12, na 30 zilizosalia zimegawanywa katika madaraja matatu ya timu 10 kila moja.

Ni katika madaraja hayo ya chini ambapo mtu huweza kuuona ushabiki ukiwa uchi, bila pambo la televisheni wala mataji.

Wachezaji wengi wa huko wana kazi nyingine za kuwakimu. Kuna mafundi wa umeme, walimu na madereva ambao hufanya mazoezi jioni mara mbili kwa wiki, kisha Jumamosi saa tisa alasiri huingia uwanjani mbele ya watu mia chache. Anayekuuzia tiketi langoni aghalabu hafanyi hivyo kwa ujira, na baada ya kipenga cha mwisho huenda ukamkuta akiokota taka. Mashabiki hula pai za nyama na kunywa mchuzi moto wa ng'ombe ili kuukabili ubaridi. Katika viwanja vingine huruhusiwa kuhama wakati wa mapumziko ili wasimame nyuma ya lango litakaloshambuliwa na timu yao katika kipindi cha pili. Jaribu kufanya hivyo Old Trafford uone utakavyoshughulikiwa na walinzi.

Uwanja wa Gayfield mjini Arbroath umepakana na Bahari ya Kaskazini, na siku za dhoruba maji ya chumvi huruka ukuta na kuwalowesha watazamaji. Nayo mashabiki wa Stranraer, mji ulio kusini magharibi kabisa, walilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 400 kwenda Peterhead timu hizo zilipokutana katika daraja la nne msimu wa 2023/2024, kisha wakarejea nyumbani usiku huo huo.

Mtu anayesafiri hivyo hatarajii kombe. Anachokitarajia ni kwamba Jumamosi ijayo klabu yake itakuwapo.

Na hilo ndilo jambo ambalo hawezi kuhakikishiwa. Ukizichunguza klabu za Uskoti zilizotoweka ama kuponea chupuchupu katika miongo ya hivi karibuni, utagundua kwamba si zile zilizokuwa hohehahe zilizoangamia. Nyingi ziliangamizwa na watu waliokuja na pesa, au waliojifanya kuwa nazo.

Kisa cha Gretna ndicho bayana zaidi. Hii ilikuwa klabu ya mji mdogo wenye wakazi wapatao 3,000 kwenye mpaka wa Uskoti na Uingereza. Kwa miaka mingi ilishiriki ligi za chini za Uingereza, hadi 2002 ilipokubaliwa kuingia katika ligi ya Uskoti kujaza pengo la Airdrieonians iliyokuwa imefilisika.

Bwanyenye Brooks Mileson aliimwagia pesa. Gretna ikapanda ngazi mara tatu mfululizo, mwaka wa 2005, 2006 na 2007, hadi ikatua katika Ligi Kuu. Mei 2006 ilifika fainali ya Kombe la Uskoti ikiwa bado timu ya madaraja ya chini, ikatoka sare ya 1-1 na Hearts, na ikazidiwa maarifa kwa mikwaju ya penalti pekee. Miezi michache baadaye ilikuwa ikivaana na Derry City katika Kombe la UEFA.

Lakini uwanja wake wa Raydale Park haukutimiza masharti ya Ligi Kuu. Mechi zake za nyumbani zikahamishiwa Fir Park mjini Motherwell, zaidi ya kilomita 100 kutoka Gretna. Shabiki wa Gretna akawa mgeni hata siku ambayo timu yake ilikuwa mwenyeji. Aprili 2008, ilipocheza na Inverness, watu 431 pekee ndio walioingia uwanjani, idadi ndogo zaidi kuwahi kushuhudiwa katika Ligi Kuu ya enzi hizo.

Wakati huo Mileson alikuwa amekwisha kuugua, na mfereji wa pesa ulikuwa umekauka. Klabu iliwekwa chini ya mrasimu Machi, ikajiondoa ligini Juni, na ilipofika Novemba 2008 Mileson mwenyewe akaaga dunia.

Si haki kumchora marehemu kama mhalifu. Alikuwa mkarimu, na alizifadhili hata jumuiya za mashabiki wa klabu nyingine. Hitilafu haikuwa katika nia yake. Ilikuwa katika kuijenga klabu nzima juu ya pumzi za mtu mmoja, na wasimamizi wa soka wakaitazama ikipaa bila kuuliza ingetua wapi.

Waliobaki ni mashabiki. Mwaka huo huo waliunda timu mpya, Gretna 2008, wakaanza upya katika ligi za chini, na baada ya muda wakarejea Raydale Park. Nafasi iliyoachwa wazi katika ligi ilitwaliwa na Annan Athletic ya mji jirani.

Clydebank nayo ilifanyiwa kioja. Mwaka wa 2002 mfanyabiashara aliyeshindwa kuifufua Airdrieonians aliinunua Clydebank, ambayo nayo ilikuwa chini ya mrasimu, akaihamishia Airdrie na kuibadilisha jina ili ichukue mahali pa iliyokufa. Mashabiki wa Airdrie walipata timu siku ambayo wenzao wa Clydebank walipokonywa yao. Wa Clydebank walibaki na jina tu, na kwa jina hilo wakaunda kikosi kilichoanza kucheza tena 2003 katika soka ya mitaani.

Wazee wa Glasgow hawahitaji kusimuliwa hayo. Wao waliishuhudia Third Lanark, mabingwa wa ligi wa 1904, ikimaliza ya tatu mwaka wa 1961 baada ya kufunga mabao 100 ya ligi. Miaka sita baadaye haikuwapo tena. Mechi yake ya mwisho, Aprili 1967, ilikuwa kichapo cha 5-1 mikononi mwa Dumbarton, na uchunguzi wa serikali ukafichua usimamizi uliooza. Uwanja wake wa Cathkin Park ungalipo hadi leo kama bustani ya umma, na miti imemea kando ya ngazi ambako mashabiki walikuwa wakisimama.

Sasa zilinganishe na East Stirlingshire ya mjini Falkirk, klabu ambayo Alex Ferguson alianzia kazi ya ukocha mwaka wa 1974. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliamua kuwalipa wachezaji wake pauni 10 kwa wiki, kiasi ambacho huenda hakikutosha nauli. Matokeo yake yalikuwa ya kuliza. Katika msimu wa 2003/2004 iliambulia pointi nane kutokana na mechi 36, na kwa misimu mitano mfululizo ilivuta mkia katika ligi ya chini kabisa.

Iliuza uwanja wake wa Firs Park mwaka wa 2008 na ikageuka mpangaji kwa majirani. Mwaka wa 2016 ikawa timu ya kwanza kupoteza nafasi yake katika SPFL kupitia mchujo, ilipong'olewa na Edinburgh City. Wapo waliocheka. Hata hivyo, East Stirlingshire haikufa. Iliendelea kucheza katika ligi ya Lowland, na shabiki wake aliendelea kuwa na mahali pa kwenda Jumamosi. Shabiki wa Gretna, aliyeionja fainali na Ulaya, hakuwa na bahati hiyo mwaka wa 2008.

Ndipo linapozuka suala la umiliki. Mwaka wa 2010 mashabiki wa Stirling Albion, kupitia jumuiya yao, waliinunua klabu kutoka kwa mmiliki wa zamani na kuwa wa kwanza katika ligi ya Uskoti kuimiliki timu yao kikamilifu.

Anayetaka kuamini kwamba mashabiki wakishika usukani kila kitu hunyooka, asome kilichofuata. Stirling Albion iliteremka ngazi 2011, ikateremka tena 2012. Mapenzi hayafungi mabao, na kamati ya wanachama haina kitabu cha hundi cha bwanyenye.

Lakini Oktoba 6, 2012, ikiwa mkiani mwa daraja la nne, timu hiyo ya mashabiki iliilambisha sakafu Rangers 1-0. Kocha wake hakuwapo uwanjani kwa sababu alikuwa akifunga ndoa siku hiyo.

Rangers ilikuwa imefikaje huko? Kampuni iliyoimiliki ilifilisika mwaka huo wa 2012, na kampuni mpya ikaomba ibakishwe Ligi Kuu. Vinara wa soka walionya kwamba kuitupa chini kungeusambaratisha uchumi wa mchezo mzima. Mashabiki wa klabu nyingine walijibu kwamba sheria ikipindwa hawatanunua tena tiketi za msimu. Klabu za Ligi Kuu zikalikataa ombi hilo. Lilipopelekwa kwa klabu 30 za madaraja ya chini, Julai 13, 25 kati yake ziliamua kwamba Rangers ianzie chini kabisa kama mgeni mwingine yeyote.

Yaliyotabiriwa hayakutimia. Agosti mwaka huo, East Stirlingshire ile ile ya pauni 10 ilicheza ugenini Ibrox mbele ya mashabiki 49,118. Sidhani kumewahi kuwa na siku nyingine katika soka ya Uskoti ambapo sauti ya mnunuzi wa tiketi ilisikika kwa uwazi kuliko Julai hiyo. Ilisikika kwa kuwa alitishia kukaa nyumbani, jambo ambalo kwa shabiki wa kweli ni sawa na kujinyima chakula.

Mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zilizoasisiwa kwa misingi ya wanachama, wataielewa vyema ladha ya silaha hiyo, pamoja na uchungu wake.

Tatizo ni kwamba haiwezi kutumika kila siku. Shabiki wa Inverness aliitumia kwa ufanisi mwaka wa 2024, klabu ilipotangaza kuwa kikosi kingekuwa kikifanyia mazoezi Kelty, takriban kilomita 200 kusini mwa mji wao. Ghadhabu ilikuwa kubwa kiasi kwamba mpango huo ulifutwa upesi. Lakini ghadhabu haikuweza kuziba mashimo ya vitabu vya hesabu, ambavyo hakuwa na ruhusa ya kuvifungua. Miezi mitano baadaye mrasimu alibisha hodi.

Kwa Dumbarton, kiini kilichotajwa ni pesa za mauzo ya ardhi ambazo klabu ilikuwa ikizidai na haikulipwa. Shabiki aliyelipia tiketi ya msimu hakushirikishwa katika mkataba wa ardhi. Aliitwa tu wakati wa kuchanga, na akachanga.

Wapo wanaohoji kwamba ngazi iliyofunguliwa 2015, ambapo timu inayovuta mkia hulazimika kuitetea nafasi yake dhidi ya mabingwa wa ligi za mikoani, inazidisha hatari kwa maskini. Ni kweli Berwick Rangers, Brechin City, Cowdenbeath na Albion Rovers zote zimeanguka kupitia mlango huo kati ya 2019 na 2023. Albion Rovers ndiyo iliyowahi, mwaka wa 2014, kuwaruhusu mashabiki walipie tiketi ya msimu kwa kadiri ya uwezo wao. Inauma. Lakini hao wameshindwa uwanjani, na aliyeshindwa uwanjani anaweza kurudi. Stirling Albion, baada ya misukosuko yake yote, ilitwaa ubingwa wa daraja la nne mwaka wa 2023, kisha ikashuka tena mwaka uliofuata, ikingali mali ya watu wake.

Julai 2025, bunge la Uingereza lilikamilisha sheria ya kuunda msimamizi huru wa soka, mwenye mamlaka ya kuwapiga msasa wamiliki na kuzuia klabu kuhamishwa bila mashabiki kuulizwa. Sheria hiyo inahusu madaraja matano ya juu ya wanaume wa Uingereza pekee. Haivuki mpaka ulio hatua chache kutoka Raydale Park.