Mabango ya Migori na Homa Bay: Picha Zinapotoa Ushahidi

Apitaye njia ya Rongo kwenda Homa Bay, au ile ya Migori kushukia mpakani Isebania, wakati wa kampeni, hukuta kuta, vibanda na nguzo za umeme zimejaa mabango. Mwomba kura amesimama, suti imenyooka, na ubavuni mwake yuko Raila Odinga akitabasamu. Ndivyo ilivyokuwa katika uchaguzi wa 2013, wa 2017 na wa 2022, kwani katika kaunti hizo mbili kuonekana karibu na kiongozi huyo wa ODM kulikuwa nusu ya ushindi. Je, wawili hao walipata kusimama pamoja kweli?

Mara nyingi, hapana. Picha mbili zimepigwa mahali mbalimbali, kila moja ikaondolewa mandhari yake ya nyuma kwa kompyuta, kisha watu wakawekwa bega kwa bega juu ya rangi ya chungwa. Zamani kazi hiyo ilitaka fundi hodari. Programu ya Photoshop ilipotoka mwaka 1990, mtu alilazimika kuufuata mwili kwa mkono, ukingo kwa ukingo. Tangu 2018 zimepatikana huduma za intaneti zinazoimaliza kwa sekunde chache, na siku hizi simu ya mkononi yatosha.

Sisi watu wa pwani hatuwezi kudai kuwa jambo hili ni geni kwetu. Lamu, marehemu Omar Said Bakor alisifika kwa kukata sura za watu na kuzipachika penginepo, kwa mkasi na ufundi wa chumba cha giza. Kivukoni Likoni, wapiga picha waliwasimamisha wateja mbele ya mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Lakini hapana aliyedanganyika. Mteja alijua, fundi alijua, na jamaa aliyeletewa picha hiyo bara alijua kuwa lile ni pambo.

Bango la kampeni si pambo. Linamwambia mpiga kura: Mzee ananijua, Mzee amenituma. Na kinachoweza kuthibitisha au kukanusha dai hilo ni ile nyuma ya picha: chumba, watu waliokuwapo, dalili za siku yenyewe. Anayeifuta nyuma hiyo huwa amewafukuza mashahidi barazani, akabaki yeye peke yake na neno lake.

Uzito wa jambo hili umezidi tangu Raila alipofariki dunia tarehe 15 Oktoba 2025. Alipokuwa hai aliweza kumkana mtu hadharani. Leo hawezi. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda, na picha yake nayo haimuulizi. Uchaguzi mkuu wa 2027 ndio wa kwanza kwa kaunti hizo bila yeye, na kila mwenye picha yake anaweza kujiita mrithi.

Asidhani msomaji kuwa hayo ni ya Waluo peke yao. Kendu Bay, huko huko Homa Bay, wapo ndugu zetu Waislamu wa siku nyingi, nao hupiga kura kwa mabango hayo hayo. Na hapa kwetu, ikifika Idd, si ajabu kumwona mwanasiasa katika bango la salamu, kanzu na kofia, nyuma yake Al-Kaaba, hali safari ya Makka hajaifunga. Dini yetu imeuhesabu ushahidi wa uwongo katika madhambi makubwa, wala haikusema kwamba ni ulimi tu unaoshuhudia.

Dawa yake si kuzivunja kompyuta. Fundi wa studio aandike chini ya bango kwamba picha imeunganishwa, na vyama viwadai wagombea wao hivyo hivyo. Naye mpiga kura aulize: mlikutana siku gani, wapi, na nani mwingine alikuwapo? Njia ya mwongo ni fupi, ila lazima apatikane wa kumfuata.