Wakili wa majeruhi aanze na lugha ya mteja wake

Tarehe 30 Juni 2023, lori liliacha barabara katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, likayaparamia magari, abiria na wachuuzi waliokuwa kando. Zaidi ya watu 50 walifariki. Katika mikasa ya aina hii tuna msemo tuliouzoea: gari "limepoteza mwelekeo". Simnyoshei mtu yeyote kidole kuhusu mkasa huo. Nautazama msemo wenyewe. Je, gari lina akili ya kuupoteza mwelekeo, au kuna binadamu tunayemficha nyuma ya chuma?

Swali hilo laweza kuonekana kuwa la darasani tu. Hata hivyo, ndilo uti wa mgongo wa kesi za fidia. Katika kila mwaka kati ya 2022 na 2024, zaidi ya watu 4,000 walipoteza maisha katika barabara zetu, na waliobaki na makovu ni wengi kuliko hao. Wakili anayewatetea majeruhi huhitaji kujua sheria, hapana shaka. Lakini naamini kesi yake yaweza kulegea kabla hajafungua kitabu chochote cha sheria, endapo hakuisikiliza vyema lugha ya mteja wake.

Tuanze na neno "ajali". Asili yake ni Kiarabu, ambako ajal ni muda uliowekwa, hata ile saa ya kufa aliyokadiriwa mtu. Wahenga nao wakanena kuwa ajali haina kinga. Sheria ya uzembe, kwa upande wake, imejengwa juu ya fikira iliyo kinyume kabisa: kwamba madhara mengi yana kinga, na kwamba aliyekuwa na wajibu wa kukinga akakosa kufanya hivyo ndiye atakayelipa. Basi mdai anaposimama mbele ya hakimu na kusema, "Ilikuwa ajali tu, mipango ya Mungu," yeye hutoa imani na adabu yake. Wakili wa upande wa pili husikia ungamo kwamba hakuna mwenye kosa.

Sarufi nayo ina lake. Kila mwanafunzi wa sekondari anazijua kauli za vitenzi. Tunaposema mguu ulivunjika, breki zilikatika, tairi lilipasuka, gari lilipinduka, tumetumia kauli ya kutendeka, ambayo haimtaji mtenda. Kiswahili huipenda kauli hii hasa pale jambo linapokuwa chungu. Lakini mahakama haiwezi kuitoza fidia kauli ya kutendeka. Yampasa wakili aulize kwa upole: tairi hilo lilikaguliwa lini? Nani aliyekuwa na wajibu wa kulikagua? Dereva alikuwa upande gani wa barabara? Kazi yake si kumtungia mteja maneno, bali ni kumsaidia kumtaja mtenda, ikiwa kweli alikuwapo.

Tofauti ya kumsaidia shahidi na kumtungia ni nyembamba, na utafiti umeidhihirisha. Mwaka 1974, wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Waliotajiwa kitenzi chenye maana ya kupondana walikadiria, kwa wastani, zaidi ya maili 40 kwa saa. Waliotajiwa kitenzi cha kawaida cha kugongana walikadiria maili 34. Katika jaribio la pili, wanafunzi walirudi baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo hivyo havikuwapo kamwe, lakini 16 kati ya 50 waliosikia kitenzi kikali walisema waliviona, ilhali wenzao waliosikia kile cha kawaida walikuwa 7 kati ya 50. Wakili anayemsukumia mteja vitenzi vikali huenda anaiharibu kumbukumbu ambayo kesi nzima inaitegemea.

Kisha kuna mto wa kuvukwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, yavitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai nayo yaruhusu ushahidi kutolewa kwa Kiswahili, lakini yataka unakiliwe kwa Kiingereza. Katika uvukaji huo ndipo mizigo huanguka majini.

Chukua neno "pole". Dereva anayemwinamia majeruhi na kusema "pole sana" huonyesha huruma. Hata mpita njia husema hivyo. Angetaka kukiri kosa angesema "nisamehe". Kiingereza hutumia neno moja kwa huruma na kwa kuomba radhi, hivyo huruma yaweza kunakiliwa kama ukiri, au ukiri ukapunguzwa kuwa huruma. Chukua tena neno "mguu", ambalo kwetu huanzia pajani hadi kwenye vidole. Kiingereza hugawa kiungo hicho mara mbili. Mkalimani akichagua sehemu moja na ripoti ya daktari ikataja nyingine, shahidi mkweli huonekana mwongo. Hata salamu ni mtego. Mzee aulizwapo hali yake kizimbani hujibu, "Sijambo, nashukuru Mungu." Hiyo ni heshima tu. Haimaanishi kwamba amepona.

Haya yote yanatufikisha kwenye swali la kifalsafa: fidia ni nini? Mguu uliokatwa haurudishwi na hundi. Gharama za hospitali na nauli huthibitishwa kwa stakabadhi, lakini maumivu hayana stakabadhi. Mahakama huyapima kwa kulinganisha na kesi zilizotangulia zenye majeraha yanayofanana. Wakili mwema huyaeleza maisha ya mteja wake: mwalimu asiyeweza tena kusimama ubaoni kwa kipindi kizima, mama asiyeweza kuchutama shambani kupalilia. Maneno ya kweli kama hayo yana uzito kuliko sifa kumi za kutia chumvi. Pesa hazilingani na maumivu hayo, ila ndizo njia ambayo jamii imeichagua ili kukiri kwamba mtu huyu alidhulumiwa.

Msomaji asidhani kuwa haya yanawahusu mawakili pekee. Tangu mwaka 2021 tunazo Mahakama za Madai Madogo, ambazo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya majeraha ya mwili, na huko mwananchi aweza kujisemea mwenyewe. Naye akumbuke kwamba saa haimngoji: dai la uzembe lapaswa kuwasilishwa ndani ya miaka mitatu, na likiwa dhidi ya Serikali, ndani ya miezi kumi na miwili.

Kwa hivyo, vitivo vya sheria vifundishe Kiswahili cha mahakama kama somo kamili, na wakalimani wapewe mafunzo yanayolingana na uzito wa kazi yao. Nanyi walimu, mnapofundisha kauli za vitenzi kesho, waambieni wanafunzi waisimulie ajali moja mara mbili: kwanza bila mtenda, kisha wakimtaja. Huenda mmoja wao akasimama siku moja mbele ya hakimu, akiwa wakili au akiwa majeruhi, na tofauti hiyo ikawa ndiyo haki yake.