Aleluya si Kipimo cha Imani



Hapa Arusha neno “Haleluya” limegeuzwa kuwa mtihani. Mhubiri hulitupa kwenye kipaza sauti, na wasioitikia kwa kishindo huambiwa hawana Roho. Wapo pia Wakatoliki wanaonong'onezwa na ndugu zao kwamba “Aleluya” yetu, isiyo na H, ni neno lililoharibiwa. Baya zaidi, kishindo hicho kimeingia hata katika misiba ya jumuiya zetu: mjane ameketi mkekani, machozi hayajakauka, naye anadaiwa haleluya, tena “kwa nguvu zaidi!” Nasema wazi: huo ni ukatili uliovishwa kanzu ya ibada.

Hebu tulifungue neno lenyewe. Katika Kiebrania ni maneno mawili: hallelu, yaani “sifuni”, na Yah, ufupisho wa Jina takatifu la Mungu. Mswahili hulielewa upesi, kwa kuwa lugha yetu nayo hutenganisha “sifu” na “sifuni”. Ni wito kwa wengi, waelekeze macho kwa Mungu. Hauulizi nani amepaza sauti kumshinda jirani yake. Zaburi tano za mwisho, ya 146 hadi ya 150, huanza na kuishia kwa neno hilo. Katika Agano Jipya lote limo mara nne tu, zote katika sura ya 19 ya Ufunuo, nalo linaimbwa mbinguni.

Na hiyo H je? Kiebrania kinayo. Alfabeti ya Kiyunani, ambayo kwayo Agano la Kale lilitafsiriwa kabla ya Kristo, haikuwa na herufi ya sauti hiyo, na Kilatini kikalipokea neno vivyo hivyo. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig waliofika Meru mwaka 1896 walitumwa kutoka Ujerumani, na Kijerumani huliandika kwa H. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliotuletea sisi Injili, walisali kwa Kilatini. Basi mke Mlutheri na mume Mkatoliki kule Tengeru wanatofautiana kwa njia ambayo neno lilisafiria. Kuvunja amani ya nyumba kwa ajili ya herufi moja ni upuuzi.

Wapo watakaonijibu kwamba sifa huvunja minyororo, hivyo anayelia ndiye hasa anayepaswa kusifu. Ni kweli Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane (Mdo 16:25), lakini hakuna aliyewashurutisha. Mama Kanisa mwenyewe huliweka neno hili kimya Kwaresima nzima, mpaka Kesha la Pasaka, ambapo padre huliinua mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Je, siku zote hizo Roho Mtakatifu huwa ametuhama?

Nasi tusijisifu mno. Dominika nyingine Aleluya kabla ya Injili huimbwa na kwaya peke yake, waamini wamesimama kama wangojao daladala. Neno lasema “sifuni”, kwa wingi; kwaya haikuajiriwa kusifu kwa niaba yenu.

Kwa hiyo, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, msiba ukitokea, anayeongoza sala asimdai mfiwa kiitikio chochote. Mwacheni akae. Imbeni ninyi.