Akiba Huwekwa Wakati wa Mavuno

Leo tuzungumze juu ya mfuko wa serikali. Wengine watasema, "Hayo ni mambo ya wakubwa, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Mfuko huo ukipungua, wakubwa si wa kwanza kuona njaa. Wa kwanza ni mgonjwa anayengoja dawa, mtoto anayengoja mwalimu, na mzee anayengoja msaada.

Ili tulione jambo hili vizuri, tulitazame jimbo moja la Marekani liitwalo California. Nchi ya Marekani ina majimbo 50. Kila jimbo lina gavana wake, baraza lake la kutunga sheria na hazina yake. Serikali kuu ya nchi hiyo yaweza kukopa fedha nyingi mwaka ukiwa mbaya. Majimbo hayana nafasi hiyo. Karibu yote yamefungwa na sheria kwamba matumizi ya mwaka yasipite mapato, wala jimbo haliwezi kupiga chapa noti zake lenyewe.

Basi, California ndiyo yenye uchumi mkubwa kuliko majimbo yote ya huko. Lakini sikilizeni yaliyoipata. Watu wengi walikuwa wamekopa fedha za kununua nyumba, kisha wakashindwa kulipa. Bei ya nyumba ikaanguka, na mabenki yakayumba. Mwezi wa Septemba 2008 benki kubwa ya New York iitwayo Lehman Brothers ilifilisika, na mambo yakazidi kuharibika. Kufika mwaka 2010, katika kila watu 100 wa California wenye kazi au wenye kuitafuta, zaidi ya 12 walikuwa hawana kazi.

Hazina ya jimbo ilitegemea sana kodi ya matajiri wachache wenye hisa. Hisa zikipanda, fedha humiminika. Zikianguka, hukauka kama kijito cha kiangazi. Kwa muda wa mwaka mmoja tu mapato ya mfuko mkuu yalishuka kutoka kiasi cha dola bilioni 102 hadi kiasi cha bilioni 83.

Sasa tazameni ugumu wenyewe. Mtu aliyepoteza kazi halipi tena kodi kama zamani. Tena mtu huyohuyo sasa ahitaji matibabu ya bure na msaada wa chakula. Mapato yanapungua na mahitaji yanaongezeka siku ileile. Serikali hubanwa pande zote mbili, kama muwa ndani ya kinu.

Mwezi wa Julai 2009 fedha zilikuwa karibu kwisha kabisa. Jimbo lilianza kuwapa watu hati za deni badala ya hundi. Waliozipata ni wafanya biashara walioliuzia jimbo vitu, watu waliostahili kurudishiwa kodi, na wengineo. Hati hizo ziliahidi faida ya asilimia 3.75 kwa mwaka, lakini baada ya siku chache mabenki makubwa yalikataa kuzipokea. Jimbo lilianza kuzilipa mwezi wa Septemba. Lakini je, mwenye duka atawalipa watumishi wake kwa ahadi?

Kisha yakaja mapunguzo. Watumishi wengi wa serikali walilazimika kukaa nyumbani siku tatu kila mwezi bila mshahara. Shule ziliruhusiwa kupunguza siku za masomo za mwaka kutoka 180 hadi 175. Karo ya Chuo Kikuu cha California iliamuliwa kupanda kwa asilimia 32. Na watu wazima walio maskini waliondolewa karibu matibabu yote ya meno waliyokuwa wakipewa na serikali.

Lifikirini hilo la meno. Jino bovu halingoji uchumi upone. Litauma, litavimba, na mwisho mgonjwa atakimbizwa hospitali kwa gharama kubwa kuliko ile ya kwanza. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Matibabu hayo yalirudishwa kidogo mwaka 2014, na yote mwaka 2018. Hiyo ni karibu miaka tisa ya kungoja.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Mtumishi aliyekatwa mshahara hununua kidogo dukani. Mwenye duka naye huuza kidogo, hulipa kodi ndogo, na hazina huzidi kupungukiwa. Kupunguza kwaweza kuzaa kupunguza kwingine.

Mtauliza, basi serikali ingefanya nini? Fedha hazikuwapo! Ni kweli, mwaka 2009 njia zote zilikuwa chungu. Kosa lilitendeka mapema, katika miaka ya neema, hisa zilipopanda. Wakati ule matumizi yaliongezwa na kodi nyingine zikapunguzwa, kana kwamba mvua haitakatika kamwe.

Raia wa California walijifunza. Mwaka 2012 walikubali kwa kura kuongeza kodi, hasa kwa matajiri. Mwaka 2014 walipiga kura tena, wakaweka sheria kwamba kila mwaka sehemu ya mapato iwekwe akiba, na fedha zikiwa nyingi kupita kawaida, sehemu hiyo izidi. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, ghala lile lilikuwa na kiasi cha dola bilioni 16, na serikali ikachota karibu nusu yake. Msaada mkubwa wa serikali kuu pia ulifika. Lakini akiba haiponyi kila kitu. Mwaka 2024 jimbo lilipungukiwa tena na kuchota tena. Ghala husaidia kuvuka njaa. Halichukui nafasi ya jembe.

Ndugu msomaji, California ni mbali, lakini hesabu ni ileile kwa jimbo, kwa chama cha ushirika, na kwa nyumba yako. Wewe mkulima wajua kwamba mbegu haziliwi, hata njaa ikiuma. Elimu ya mtoto na afya ya mama ndizo mbegu za serikali.

Basi mkiitwa mkutanoni kusomewa mapato na matumizi, msisinzie. Mwaka ukiwa mzuri, ulizeni kwa adabu, "Tumeweka akiba kiasi gani?" Mwaka ukiwa mbaya, ulizeni, "Ni nani anayepunguziwa kwanza? Je, ni yule mwenye nguvu ya kuvumilia, au ni yule asiye na wa kumsemea?" Maswali hayo mawili hayahitaji elimu kubwa. Yahitaji mtu mmoja wa kusimama na kuyauliza.