Uso wa Nani? Kuhusu Uhakiki wa Picha za Waigizaji wa Kabuki

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba picha za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mti, zile zinazowaonyesha waigizaji wa Kabuki katika uhusika wa mashujaa wa mighani, ni vielelezo vya hadithi tu. Kwa mujibu wao, aijuaye hadithi ameimaliza picha. Dai hili limezaliwa na mazoea ya kuisaka maana katika maudhui pekee, nalo halina mashiko.

Itazamwe tamthilia ya Shibaraku. Shujaa wake, Kamakura Gongorō, ni askari wa karne ya 11. Hata hivyo, mikono mipana ya vazi lake imechorwa miraba mitatu iliyopachikana, nembo ya ukoo wa waigizaji wa Ichikawa Danjūrō, ulioanza kuigiza huko Edo (Tokyo ya leo) katika karne ya 17. Mchoraji hakukosea, ndivyo vazi lilivyo jukwaani. Mtazamaji alitarajiwa kuwaona wawili kwa pamoja, na kumpima Danjūrō aliye mbele yake kwa Danjūrō waliomtangulia. Amwondoaye mwigizaji ili abaki na shujaa ameitupa nusu ya matini.

Ajabu ni kwamba serikali ya shogun ilisoma vizuri zaidi kuliko wahakiki hawa. Mwaka 1842 ilipiga marufuku picha za waigizaji, na mwaka uo huo ikamfukuza Danjūrō wa Saba kutoka Edo kwa kosa la anasa. Picha za mashujaa wa kale hazikuguswa na marufuku hiyo. Kilichoogopwa ni uso. Na uso ndio uliorudi: katika mfululizo wa Kunisada wa mwaka 1852 unaofuata vituo vya barabara ya Tōkaidō, jina la mhusika limeandikwa, la mwigizaji limeachwa. Pua na taya vilitosha. Fumbo hufumbiwa mjinga, na wanunuzi wa Edo hawakuwa wajinga. Isitoshe, wakati mwingine mwigizaji alichorwa katika uhusika ambao hakuwahi kuuigiza. Hapo kinaelezwa kielelezo cha nini?

Wale wengine wanaoziita matangazo ya biashara wanastahili jibu fupi. Danjūrō wa Nane alipojiua mjini Osaka mwaka 1854, wachapishaji walitoa picha nyingi za kumwomboleza, mojawapo ikimwonyesha amelala kama Buddha anayefariki, akililiwa na wanawake. Tamthilia ya kutangazwa haikuwapo.