Kasuku Akifunguliwa, Aende Wapi?

Hakuna ndege ambaye sisi Waswahili tumempa kazi nyingi kama kasuku. Jina lake tumelibandika juu ya madaftari ya shule na juu ya mikebe ya mafuta ya kupikia. Na mwanafunzi anayekariri asiloelewa, tunamwita kasuku. Walakini ndege mwenyewe, anayekula na kuugua na kuona upweke, hatumjui. Leo nataka tumzungumze yeye, khasa wale vikasuku wa kijani ambao wafugaji wa mjini huwaita kwa jina la Kizungu lenye maana ya ndege wapendanao.

Anayetaka kuyaona matokeo ya ufugaji wetu asiende mbali. Na aende Naivasha, katika kaunti hii ya Nakuru. Kando ya ziwa, juu ya migunga, atasikia makelele membamba, kisha ataona kundi la ndege wa kijani wenye midomo myekundu likipita kama mshale. Mgeni atasifu uzuri wa ndege wa Kenya, kumbe hawa asili yao ni Tanzania, tena ni jamii mbili. Mmoja ana uso wa rangi ya chungwa, na kwao ni nyika za Serengeti na kusini ya Ziwa Viktoria. Wa pili ana kichwa cheusi na ukosi wa manjano, na kwao ni Tanzania ya kati na kaskazini mashariki. Naivasha wamechanganyikana wakazaana, na leo wengi ni machotara wenye vichwa vya hudhurungi. Wataalamu wa ndege wamekwisha kutueleza chanzo chao: ni ndege wa kufugwa waliotoroka au walioachiliwa.

Tena jambo hili lina ajabu yake. Yule mwenye uso wa chungwa hujulikana kwa jina la Gustav Fischer, daktari wa Kijerumani aliyekaa Unguja, akaondoka Pangani na kupita Umasaini hadi akafika Naivasha mwaka 1883. Jiwe refu lililosimama katika mbuga ya Hell's Gate linaitwa kwa jina lake mpaka leo. Ndege alipewa jina hilo mwaka 1887, Fischer akiwa amekwisha kufa. Fischer alifika Naivasha kwa miguu yake. Ndege wake kaletwa ndani ya tundu.

Na si Naivasha tu alikopelekwa. Mwaka 1987, katika kasuku wote wa mwituni waliouzwa nchi kwa nchi duniani, hakuna aliyeuzwa kwa wingi kumshinda huyu. Alinaswa Tanzania kwa maelfu, akavuka bahari. Soko la Ulaya lilifungwa kwa ndege wa mwituni mwaka 2005 kwa sababu ya homa ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 likafungwa moja kwa moja. Leo ndege huyu yumo katika orodha ya wale wanaokaribia kuingia hatarini. Basi tazama kinyume hiki, ndugu msomaji: kwao anapungua, na ugenini hana mwenyewe.

Hapa mjini mambo huanza kwa mapenzi. Mtoto kaomba, baba kanunua. Kikasuku huyu, akitunzwa, huweza kuishi miaka kumi na zaidi; nyumba ya kupanga mathalan hatukai miaka mitatu. Mtoto huenda shule ya bweni, baba hupewa uhamisho, mwenye nyumba hukataza kelele. Tundu hutoka sebuleni likaenda jikoni, penye moshi wa makaa unaomdhuru. Likatoka jikoni likaenda roshani, penye baridi. Chakula ni mbegu kavu zile zile kila siku, au kipande cha parachichi apewacho kwa wema, ilhali parachichi ni sumu kwake. Naye ni ndege wa kundi. Akiachwa peke yake huanza kujinyonyoa manyoya. Mwishowe mtu hufungua dirisha na kusema, "Nenda, Mungu atakulisha."

Chuoni tulifundishwa kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie katika ardhi. Wengi hukishika kisa hiki kuhalalisha kufungua dirisha. Lakini paka yule angeachiwa katika ardhi aijuayo. Kijikasuku wa Australia, yule wa buluu au manjano tunayemnunua sokoni, kazaliwa tunduni na wazazi wa tunduni. Nakuru iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,800. Usiku mmoja wa baridi, au mwewe mmoja asubuhi, na habari yake imekwisha. Huko si kumwachia huru; ni kumtupa bila kumtazama akifa.

Na yule anayeweza kuishi, kama wale wa Naivasha? Kiswahili kimetuwekea neno moja kwa vitu viwili: tundu ni kizimba cha ndege, na tundu ni shimo la mtini. Vikasuku hawa hutaga katika matundu ya miti. Basi anayemtoa ndege katika tundu lake humwingiza katika tundu la ndege mwingine, mwenyeji, asiyekuwa na mtetezi.

Kasuku mkubwa wa kijivu walau amesikilizwa. Mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 uliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wa mwituni, na mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitoa muda wa msamaha ili wanaowafuga bila kibali wajiandikishe. Msamaha ule haukuwa wa vikasuku. Wao wamebaki na dhamiri zetu tu.

Kwa hiyo, ambaye hajanunua na ahesabu miaka kumi kwanza. Aliyenunua akashindwa, asione haya kusema ameshindwa. Na amtafute mfugaji mwenye ndege wa jamii hiyo hiyo, amkabidhi mkono kwa mkono pamoja na tundu lake, amweleze umri wake, chakula chake na maradhi yake. Na kama hamjui mfugaji, na amuulize daktari wa mifugo. Amana hurudishwa kwa mtu. Hairushwi dirishani.