Mashine ya sukari bila bandeleti haimsaidii muhami

Leo sitaongea juu ya mapigano. Nataka kuongea juu ya mashine ndogo inayotoshea katika kiganja cha mkono, ile ya kupima sukari katika damu.

Juzi nilikuwa katika shule moja upande wa Walikale ambamo wahami wanalala. Muzee mmoja aliyetoka Masisi alianza kutetemeka asubuhi. Jasho lilikuwa likimtoka na asubuhi ile kulikuwa na baridi. Akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Jirani akaleta chai yenye sukari, bibi yake akaikataa kwa nguvu: «Huyu ana ugonjwa wa sukari, munataka kumuua?» Katika mfuko wao mlikuwa na mashine ya kupimia, mtoto wao aliwanunulia Goma kabla vita havijawafikia. Lakini bandeleti, vile vikaratasi vidogo vinavyopokea tone la damu, vilikuwa vimekwisha tangu zamani. Mashine ilikuwa imefungwa katika kitambaa pamoja na kadi ya uchaguzi.

Wakambeba hadi kituo cha afya. Muganga akamtoboa kidole, mashine ikaonyesha 43. Kumbe sukari haikupanda, ilikuwa imeshuka sana. Muganga akamnywesha maji yenye sukari, na baada ya muda mfupi muzee akaanza kuwatambua wajukuu wake. Alikuwa amemeza glibenklamidi yake asubuhi kama alivyofundishwa, lakini familia ilikuwa haijala tangu mchana wa siku iliyotangulia.

Simlaumu yule mama. Alifundishwa kwamba sukari ni sumu kwa bwana wake, na akashika mafundisho hayo vizuri. Lakini alifundishwa wakati walikuwa na shamba la viazi na maharagi, na mtu alikula mara mbili au tatu kwa siku. Ni nani aliyerudi kumfundisha baada ya kukimbia?

Hapo ndipo shauri langu linaanzia. Kila mara watu wanapotaka kutusaidia juu ya ugonjwa wa sukari, wanaleta mashine. Mtoto aliye Goma au Kampala anatuma mashine. Mgeni anakuja na mashine kumi katika karatoni, anapigwa picha, anaenda. Mashine yenyewe si kitu cha bei kubwa. Kinachomaliza franka ni bandeleti, kwa sababu kila kipimo kinakula moja, na bandeleti za mashine hii haziingii katika mashine ile. Leo ukitembea katika makao ya wahami utakuta mashine za aina nne au tano, na hakuna hata moja inayofanya kazi.

Na njia za kufikisha vitu munazijua. Masisi-kati ilichukuliwa na M23 mwezi wa kwanza mwaka 2025, Goma ikafuata mwezi huo huo, uwanja wa ndege ukafungwa na banki zikafungwa. Mwezi wa tatu waasi wakaingia Walikale-kati, wakaondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne. Tangu wakati ule, dawa inayotoka Goma inapaswa kuvuka mstari wa vita, na ile ya upande wa Kisangani inapita Lubutu kwa barabara ambayo kila dereva wa pikipiki anaweza kukusimulia. Kwa hiyo bandeleti inayofika hapa ni kitu cha thamani, na haipaswi kupotea bure.

Hapa nitasema neno ambalo pengine litawaudhi wengine. Si kila mgonjwa wa sukari wa aina ya pili anahitaji kujipima nyumbani kila siku. Anayemeza metformini peke yake, na anajisikia vizuri, kipimo cha kila asubuhi hakitabadilisha dawa yake. Metformini peke yake ni mara chache sana inashusha sukari hadi kumwangusha mtu. Huyo atosheke na kupimwa anapoenda kontrole, au anapougua. Lakini anayejidunga insulini, na anayemeza glibenklamidi, hao ndio wako katika hatari siku chakula kinapokosekana. Na kwa muhami chakula kinakosekana bila kutoa taarifa. Bandeleti chache zilizopo ziwe zao kwanza, pamoja na mama mwenye mimba aliye na sukari.

Najua mtu ataniuliza: wewe mwandishi wa habari, umekuwa muganga lini? Sijakuwa. Mambo hayo waganga wetu wanayajua vizuri kuniliko. Ninachosema ni jinsi ya kugawa, na kugawa kunatuhusu wote.

Napendekeza hivi. Zoni ya afya ichague aina moja ya mashine, na mashirika yote pamoja na watoto wetu walio mbali waifuate aina hiyo. Katika kila makao ya wahami, mashine moja ikae kwa mhamasishaji wa afya, yule tunayemwita reko, pamoja na bandeleti. Mwenye insulini au glibenklamidi anayejisikia vibaya anaenda kwake hata usiku. Mashine inaweza kutumiwa na watu wengi ikiwa inasafishwa kila mara, lakini sindano ya kutobolea kidole hapana. Kila mtu na sindano yake mpya, na kifaa kinachoshika sindano kisitoke kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Homa ya ini ya aina ya B inapita katika damu kidogo sana ambayo jicho halioni.

Bandeleti zikae katika kichupa chake, kifuniko kimefungwa. Chini ya bashi, mvua ya Masisi inaingiza unyevu katika kila kitu, na kule Walikale joto la msitu nalo linaziharibu. Bandeleti iliyoshika unyevu itakudanganya. Vilevile mikono: ukimenya ndizi mbivu au ukitafuna muwa kisha ukatoboa kidole bila kunawa, mashine itapima sukari ya muwa.

Jambo jingine dogo lakini limewahi kuleta hofu kubwa. Hapa kwetu tunasoma kwa miligramu: asubuhi kabla ya kula, wagonjwa wengi wanaambiwa wawe kati ya 80 na 130, na chini ya 70 ni hatari. Mashine nyingine zinazotoka ng'ambo zinaandika kwa kipimo kingine, 5 au 7 au 12. Mtu akiona 7 anadhani anakufa. Zidisha mara 18: 7 ni kama 126.

Kuna wanaosema kwamba wakati wa vita hatuwezi kushughulika na sukari, kwamba tupambane kwanza na kolera, surua na majeraha ya risasi. Hilo silikubali, na jibu langu linatoka hapa hapa Masisi. Katika hospitali ya Mweso, waganga wetu wakisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka walifuata wagonjwa wa sukari zaidi ya 200 miaka ya 2014 na 2015, wakati makundi yenye silaha yalikuwa yakizunguka pande zote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la waganga la Uingereza, yakionyesha kwamba kazi hiyo inawezekana. Na Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo cha sukari katika orodha yake ya kwanza ya vipimo vya lazima mwaka 2018. Basi tusiambiwe kwamba ni anasa ya watu wa mji.

Wakati tunangojea, familia zenye mgonjwa zishike haya. Akitetemeka, akitoka jasho, akiwa na njaa kali au akiongea ovyo, na hakuna kipimo, mpe sukari. Vijiko vidogo vitatu au vinne katika nusu kikombe cha maji, ngoja robo saa, kama hajapata nafuu rudia, kisha ale. Ukikosea, na sukari ilikuwa juu, kiasi hicho hakitamuua. Ukimnyima nayo ilikuwa chini, anaweza kufa mbele yako. Kama amezimia usimtie kitu mdomoni, mbebe mbio. Siku ambayo hakuna chakula, usimeze glibenklamidi kabla ya kumuuliza muganga au reko. Lakini insulini usiiache kabisa kwa kichwa chako mwenyewe. Kiu isiyoisha, kukojoa ovyo na kutapika, hayo ni ya sukari iliyopanda, na huyo pia ni wa kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na andikeni. Kaye ya franka kidogo, tarehe, kipimo, jina la dawa na kiasi chake. Fishi nyingi zilibaki katika nyumba zilizoungua, na muganga wa huku anayempokea mgonjwa asiyejua jina la dawa yake anaanza upya kama kipofu.

Yule muzee bado yuko katika ile shule. Nimeandika jina la mashine yake katika kaye yangu na nimeuliza katika maduka matatu ya dawa. Wawili walisema hawajawahi kuona bandeleti zake. Wa tatu alikuwa na kichupa kimoja, muda wake ulikwisha mwaka jana.